Kitambaa Pekee Kilichobaki Kikavu

Buti za Bibi Shamba zilizidi miguu yake kwa namba mbili. Alizirithi kwa bwana shamba aliyemtangulia, ambaye siku ya uhamisho alipanda pikipiki nzuri akaondoka, akamwachia buti, pikipiki mbovu, na kabati ambalo mchwa walikuwa wameshaanza kulila kuanzia miguuni. Siku ya kwanza alipoingia bondeni nazo, miaka kumi na mmoja iliyopita, matope yalizing'ang'ania zote mbili, yeye akaendelea mbele na soksi. Wakulima walicheka mpaka mmoja wao akalazimika kukaa chini. Bibi Shamba akacheka nao, maana mgeni asiyejua kuchekwa haonyeshwi hata kisima. Akazijaza matambara kwenye vidole, akarudi kesho yake, na keshokutwa, mpaka watu wakazoea kusikia pwata, pwata, pwata kabla ya kumwona mwenyewe.

Kwa hiyo kuchekwa alikuwa anakujua. Alidhani amekuzoea. Hapo ndipo alipojidanganya.

Bonde lake lina kaya mia na arobaini na udongo mweusi, mnono, wa kutia tamaa. Ukisahau fimbo yako shambani leo, kesho utaikuta inachipua. Ila unono huo ni mto ulioubeba ukaumwaga pale, na kila baada ya miaka kadhaa mto hurudi kuangalia mali yake. Uliporudi katika mwaka wa nne wa Bibi Shamba kazini, ulikuta watu wamelala. Baada ya msiba ule aliwakusanya wakulima, wakabishana siku tatu, wakatoka na mpango wa bendera. Mumewe, fundi cherehani, alizishona tatu, kila moja pana kama shuka la mtoto, akazipiga pasi mikunjo minne minne kama anazipeleka harusini. Mlingoti ukasimikwa mbele ya ghala la ushirika, mahali panapoonekana kutoka kila shamba. Sheria ilikuwa fupi, hata walevi waliikumbuka: kijani, lala; njano, inua; nyekundu, hama.

Njano maana yake ilikuwa kupandisha mbegu, mbolea na kuku juu ya uchanja. Kila nyumba ilijengewa uchanja wa miti, kimo cha kifua cha mtu mzima. Nyekundu ilikuwa habari nyingine: jitwike mbegu kichwani, funga mbuzi kamba, beba pampu, panda kilimani shuleni, maswali utauliza huko huko.

Na rangi ilitoka wapi? Juu kule, mwendo wa nusu siku kwa maji, kuna daraja, na chini ya daraja kuna nguzo iliyochorwa mistari. Mzee mmoja anayeishi jirani, ambaye watu wote humwita Mpima Mto, huisoma nguzo hiyo asubuhi na jioni, huandika mita kwenye daftari, kisha hutuma ujumbe wa simu wenye rangi ya siku hiyo. Ujumbe ulikuwa uende kwa watu wawili: Bibi Shamba na mwenyekiti wa ushirika. Lakini simu ya mwenyekiti ilitumbukia chooni, namba ikazikwa nayo, na kila mtu alidhani mwenzake ameshampelekea mzee namba mpya. Basi ikabaki simu moja, na mkono mmoja kwenye kamba ya mlingoti.

Mara ya kwanza Mpima Mto alipotuma nyekundu, Bibi Shamba alipandisha nyekundu, watu wakang'oa vitunguu vikiwa na shingo mbichi, wakahama. Maji yalimwagikia kwenye kinamasi cha juu, yakafika bondeni yamechoka, yakalowesha kucha. Vitunguu vikaozea ghalani. Mara ya pili watu walipandisha mbuzi sitini shuleni, mbuzi wakala maua ya mwalimu mkuu na nusu ya karatasi za mtihani. Safari hiyo mto haukutoka hata kitandani kwake.

Hapo ndipo Spika alipopata kazi. Spika ni mdogo wa mumewe, na jina hilo alipewa kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Shemeji ni mtani wake, hakuna aliyeweza kumzuia. Akawa anapita kwenye mashamba akitangaza kwamba mwenye matofali mabichi asihangaike na jua, amwombe shemeji atundike nyekundu, yatakauka kabla ya saa sita. Watu wakalidaka. Bibi Shamba akienda dukani, muuzaji anamuuliza kama leo aanike au aanue. Akiingia kwenye mkutano, mtu anakunja suruali mpaka magotini, taratibu, bila kusema neno, na ukumbi mzima unaangua kicheko. Yeye alicheka pia. Lakini alianza kuzunguka njia ya nyuma akienda ofisini, na pwata pwata yake ikapungua, maana alikuwa anatembea kwa vidole ndani ya buti.

Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi. Alikuwa ofisini akiosha sahani za kuoteshea mbegu simu ilipolia. Mpima Mto huandika kwa herufi kubwa zote, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya pili: NYEKUNDU. MITA TANO NA ROBO. YANAPANDA. WAHINI.

Alifuta mikono. Akatoa kitambaa chekundu kwenye droo, akakibana kwapani, akaenda kwenye mlingoti kama hatua sitini hivi. Jua lilikuwa linawaka, mbingu safi kama sinia lililooshwa. Kwenye kibaraza cha ghala wanaume wanne walikuwa wanacheza drafti, na Spika alikuwa mmoja wao. Akaona rangi iliyochungulia kwapani mwa shemeji yake. Akainuka, akavua kofia, akatangaza kwa heshima zote, "Jamani, wenye matofali mabichi, siku yenu imewadia."

Walicheka, na Bibi Shamba akacheka. Kisha akasema amesahau kitu, akarudi ofisini.

Alichokifikiria katika zile hatua sitini alikuja kukirudia kichwani baadaye mpaka kikachakaa. Alijiambia apandishe njano kwanza, watu waanze kuinua, ampigie Mpima Mto athibitishe, kisha kama ni kweli apandishe nyekundu kabla ya saa sita. Lilionekana wazo la mtu mwenye busara. Akatia chekundu kwenye mkoba, akatoka na njano, akaipandisha, na hakuna aliyecheka, maana njano haikuwahi kumlaza mtu shuleni na mbuzi. Akapiga simu darajani. Haikupatikana. Akapiga tena saa nne. Saa tano akapiga, mtandao ukamwambia ajaribu baadaye, naye akatii.

Saa sita alipita nyumbani kwa Mama Madoa. Huyu ni mjane mwenye meno ya kuhesabika na ulimi usiohesabika, na jina lake limetokana na maharage yake, meupe yenye madoa mekundu, ambayo mkwe wake alimkabidhi siku alipoolewa. Hakuna mwingine bondeni aliyekuwa nayo. Kila msimu aliyachagua moja moja kwenye ungo kama mtu anayechagua mchumba wa mwanawe. Alimkuta amesimama na kamba mkononi na mbuzi wanne mbele yake.

"Mwanangu," Mama Madoa alimuuliza, "hawa niwapeleke kilimani, au niwapandishe hapo hapo?"

"Njano ni kuinua tu, mama. Ukiwapeleka shule leo, kesho watakucheka."

Mama Madoa akawapandisha juu ya uchanja, mmoja mmoja, pamoja na debe la maharage, akawafunga vizuri wasianguke.

Maji yalifika saa kumi. Hayakuja kwa kishindo; yalikuja kama watu wanaotoka mkutanoni, wachache kwanza, halafu njia nzima. Watu walipoona yamevuka tuta la pili walikimbilia kilimani kama walivyo, na kwa kuwa kulikuwa bado mchana, wote walifika. Hakuna aliyekufa. Bibi Shamba alisimama kwenye uwanja wa shule akihesabu vichwa, akahesabu tena, akamshukuru Mungu. Kisha akageuka kutazama chini. Chanja za kimo cha kifua zilikuwa zimeshazama, na maji yalikuwa yanapapasa kingo za mapaa. Mbuzi walisikika kwa muda. Baadaye hawakusikika.

Maji yalipopungua, siku ya nne, hesabu ilikuwa hii: mbegu za kaya mia na tisa, pampu zote mbili za ushirika, mbuzi arobaini na mmoja, kuku wasiojulikana idadi, na debe moja la maharage ya madoa.

Na watu wakamshukuru. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Walisema kama si njano yake wangekuwa wamelala majumbani, wasingekuwa macho kuutazama mto. Mkuu wake wa wilaya alimpigia simu kumpongeza. Kwenye mikutano alipewa benchi la mbele, lile lenye miguu minne kamili. Hata Spika alikuwa mpole. Alimwita shemeji bila kuongeza kitu nyuma yake. Mama Madoa alimletea kiti akae, kwenye ua uliojaa tope la kufikia kifundo, akamwambia kwamba asingeinua, angejilaumu kwa uzembe. Lakini yeye aliinua kama alivyoambiwa, mto ukamfuata huko huko juu, basi hilo ni la Mungu. Bibi Shamba akakaa kwenye kiti kile akisikiliza Mungu anavyosingiziwa.

Nyumbani, mumewe alikuwa anaosha kila kitu. Karakana yake ilikuwa imeingiwa na maji mpaka juu ya meza ya cherehani. Vitambaa vya wateja vilikuwa vimegeuka rangi moja, ya tope. Katika kutafuta cha kuosha akafungua mkoba wa mkewe, ambao siku ile ulikwenda naye kilimani begani. Akatoa kitambaa chekundu. Bondeni kote, kuanzia pazia hadi kitambaa cha pua, hicho ndicho kilikuwa kitambaa pekee kilichobaki kikavu. Akakigeuza, akagusa ile mikunjo minne aliyoipiga pasi kwa mkono wake.

"Hiki hakijakunjuliwa," alisema.

Hakuuliza. Fundi cherehani anajua nguo iliyovaliwa na isiyovaliwa. Alikirudisha kwenye mkoba, akaendelea kuosha, na siku nzima hiyo hakupiga mluzi, yeye ambaye hupiga mluzi hata akiumwa jino.

Bibi Shamba akafanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Alitembea nyumba kwa nyumba akiwazuia watu kulima udongo ukiwa bado unanata; aliwaonyesha namna ya kuukamua mkononi, ukitoka kama donge la ugali, acha, ukivunjika kama kipande cha keki, lima. Alichimba nao mifereji ya kutoa maji yaliyotuama. Tope jembamba waliligeuza ndani ya udongo, nene walilikwangua na majembe. Nafaka iliyookolewa aliitandaza kwenye maturubai, nyembamba, akaigeuza kila saa, na ile iliyoota ukungu aliitupa mwenyewe mbele ya macho ya wenye nayo, hata waliposihi kwamba kuku wangeila. Alitia dawa visima. Aliagiza mbegu zinazokomaa kwa miezi miwili na nusu zije kabla ya mvua kuisha. Watu walisema ana moyo wa ajabu. Mumewe peke yake ndiye aliyejua kwamba ule haukuwa moyo, ilikuwa miguu: alikuwa anakimbia.

Lakini watu waliopoteza hawawezi kumlaumu Mungu muda mrefu. Mungu hajibu, inachosha. Wiki ya tatu wakaanza kuuliza kwa nini rangi ilikuwa njano wakati maji yalikuwa ya nyekundu. Jibu lilipatikana upesi, maana lilikuwa mbali na halina ndugu bondeni: Mpima Mto amezeeka, macho yameisha, alisoma nguzo vibaya. Ushirika ukaandika barua aondolewe. Mkuu wa wilaya akasema atakuja Jumanne, na atakuja na fomu ya hasara ambayo Bibi Shamba angeitia saini mbele ya wakulima. Katikati ya fomu kulikuwa na mstari mmoja: *Tahadhari iliyopokelewa kutoka darajani.* Nafasi iliyoachwa ilitosha neno moja. Akiandika njano, mzee anafukuzwa. Akiandika nyekundu, anafukuzwa yeye, na buti zake.

Jumapili simu ililia. Ilikuwa namba ya darajani.

"Samahani kwa usumbufu, binti," Mpima Mto alisema. "Asubuhi ile, nilikuandikia rangi gani?"

Bibi Shamba akaenda kufunga mlango, mzee akaendelea.

"Maana kasimu kangu kakijaa kanafuta kenyewe. Na kwenye daftari huwa naandika mita tu, rangi siandiki. Mimi nakumbuka nyekundu. Lakini wananiambia njano, na mwezi uliopita nilimsalimia mbuzi nikidhani ni jirani. Mke wangu anasema tuliandika pamoja, ila naye ni mke wangu, atasema nini tena." Akakohoa. "Usinifiche. Kama nilikosea mimi, niambie, niache hii kazi kabla sijaua watu."

"Nitaangalia, mzee," alisema Bibi Shamba. "Simu yangu iliingia maji."

Aliyasema hayo kwa simu hiyo hiyo. Mzee akashukuru, akamwombea dua, akakata. Bibi Shamba akafungua ujumbe wa Alhamisi ile. Herufi kubwa zote zilikuwepo, hakuna hata moja iliyolowa. Alikaa nao mpaka kioo kikazimika, akauona uso wake mwenyewe ndani yake, akageuza simu kifudifudi.

Kumwacha mtu apoteze kazi ni ubaya ambao pengine angeuzoea, kama alivyozoea matambara kwenye buti. Lakini kumwacha mtu mzima aanze kuyatilia shaka macho yake, ambayo siku ile ndiyo macho pekee yaliyoona sawasawa, hilo lilimkaa kooni. Jumatatu alikunywa uji nusu kikombe. Jumanne aliamka, akavaa buti, akachukua mkoba.

Mkutano ulifanyika kwenye kibaraza cha ghala, chini ya ule mlingoti. Watu walikuwa wamefika tangu mapema, wamekaa juu ya magunia matupu. Mkuu wa wilaya, mwanamume mwenye kalamu tatu mfukoni na haraka ya kutosha watu sita, alisoma hesabu za hasara, akapigiwa makofi kwa jinsi zilivyopangwa vizuri, akafika kwenye ule mstari. Akamgeukia Bibi Shamba kumuuliza, kwa ajili ya kumbukumbu tu, kama ni kweli darajani walituma njano.

Bibi Shamba alikuwa ameandaa maneno. Aliyaacha yote. Akatoa simu, akaufungua ujumbe, akaangalia nani ampe. Spika alikuwa ameegemea nguzo, karibu.

"Shemeji, soma hii," alisema. "Soma kwa sauti yako."

Spika akaipokea huku akitabasamu, akijua kuna mzaha unakuja na yeye ndiye aliyeandaliwa kuupakua. Akasoma tarehe. Akasoma saa. Kisha ile sauti ambayo haijawahi kuhitaji kipaza ikasema nyekundu, mita tano na robo, yanapanda, wahini, na kila neno lilitoka dogo kuliko lililotangulia. Alipomaliza, aliendelea kuitazama simu kama vile kuna mstari mwingine chini wa kumsaidia.

Bibi Shamba akawaambia. Hakusema sana. Alisema alitumiwa nyekundu saa mbili, akatoka nayo, akarudi nayo, akapandisha njano. Alisema Mpima Mto hana kosa hata la nukta. Mkuu wa wilaya akauliza sababu, kalamu ikiwa tayari, na hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko kote, kwa sababu sababu yenyewe ilikuwa ndogo mno, aibu hata kuitamka mbele ya watu waliopoteza mbegu.

"Niliogopa mtanicheka," alisema.

Hakuna aliyecheka.

Mama Madoa akainuka kutoka kwenye gunia lake, akasogea. Aliuliza kama Bibi Shamba alikuwa na rangi ile aliposimama uani kwake saa sita, akimshauri kuhusu mbuzi. Bibi Shamba akajibu ilikuwa kwenye mkoba. Akautoa ule mkunjo mwekundu, maana alikuja nao, akampa. Mjane akaupokea, akaupapasa kingo kwa kidole gumba, polepole, kama anavyopapasa maharage.

"Kizuri," alisema. "Hakina hata tope."

Akamrudishia, akaenda zake nyumbani kabla mkutano haujafungwa.

Mkuu wa wilaya aliandika neno moja kwenye fomu, na chini yake akaandika mengine mengi. Bibi Shamba aliagizwa kuandika barua ya kujieleza, aliiandika, na jibu lake halijaja mpaka leo. Ofisi nayo ina kabati lake na mchwa wake. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka pikipiki ile, aliendelea na kazi. Jioni ya Jumanne hiyo hiyo alimpigia Mpima Mto. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Kwa hiyo naona." Akalirudia kwa mkewe aliyekuwa pembeni yake: "Mama, naona." Kisha akakata, na tangu siku hiyo humwandikia rangi na mita tu, hajampigia tena.

Bondeni wengine waliacha kumsalimia. Wengine walimsalimia zaidi ya kawaida, na hilo lilikuwa baya zaidi. Benchi lenye miguu minne lilipata mtu mwingine. Wakulima walikaa bila yeye wakaamua ujumbe uende kwenye simu tano, na kamba ya mlingoti wakamkabidhi Mama Madoa, ambaye mjukuu wake humsomea ujumbe na ambaye hajawahi kumwogopa mtu yeyote.

Spika alimfuata siku moja alipokuwa anazibua mfereji peke yake. Alivua kofia.

"Shemeji," alisema, "ni mimi, sivyo? Ni yale ya matofali."

Ilikuwa njia, wazi kabisa, na pana. Angeweza kupita na nusu ya mzigo angemwachia. Akachomeka sepeto kwenye tope.

"Utani wako haukushika kamba," alimjibu. "Kamba niliishika mimi."

Spika akachukua sepeto la pili, wakazibua mpaka mwisho wa mfereji bila neno, jambo ambalo waliolishuhudia walilisimulia kama kupatwa kwa jua.

Kuhusu maharage, kuna kitu Bibi Shamba alikikumbuka akiwa anafagia ofisi. Kwenye rafu ya juu, ambako maji hayakufika, nyuma ya mabango, kulikuwa na chupa za mbegu za maonyesho ya miaka mitano nyuma, na chupa moja ilikuwa na maharage ya madoa mekundu, ya Mama Madoa mwenyewe. Punje thelathini. Akazilaza kwenye kitambaa chenye unyevu, akazifunika, akazichungulia kila asubuhi. Siku ya saba zilikuwa zimeota tisa. Nyingine zilikuwa zimekufa ndani ya maganda yao mazuri. Akazipeleka zile tisa kwenye sahani, akaziweka mlangoni kwa Mama Madoa, akaeleza zilikotoka. Mama Madoa hakusema asante. Alizipanda siku hiyo hiyo, na baada ya wiki sahani ilirudi ofisini imeoshwa, imefungwa kwenye karatasi, bila ujumbe.

Mvua nyingine zilikuja. Jumatano moja, saa tatu asubuhi, Bibi Shamba alikuwa juu ya paa la ghala akisaidia kugongelea bati alipoona nyekundu inapanda mlingotini. Mama Madoa aliivuta kwa mikono miwili, akaifunga mafundo mawili, akaenda kuwafungua mbuzi wawili aliogawiwa. Kilichofuata hakikuwa na kelele. Watu walitwika, walifunga, walibeba. Pampu mpya ilipelekwa kilimani kwa mkokoteni. Bibi Shamba alibeba magunia ya wengine, safari saba, buti zikimchubua, na kila alipogeuka kutazama mto aliomba usije, kisha akaomba uje, kisha akajionea haya kwa maombi yote mawili.

Mto haukuja. Ulipanda mpaka kwenye tuta la kwanza, ukalamba majani, ukashuka. Kesho yake mchana watu walianza kuteremsha kila kitu, mabega yakiuma, mbuzi wakiwa wameshiba maua ya mwalimu mkuu kwa mara nyingine. Msafara ulikuwa mrefu na kimya. Wote walijua kilichokuwa hewani. Spika alikuwa mbele, na beberu shingoni, na Bibi Shamba aliona mabega yake yanavyohangaika, kama mtu anayezuia chafya.

Spika akashindwa.

"Mama Madoa," alisema, "nina matofali elfu mbili nyumbani, ungenipangia lini?"

Kicheko kilipita kwenye msafara kutoka mbele hadi nyuma. Mama Madoa naye alicheka, meno yake yote matatu nje, akasema atampangia Jumamosi, na kwamba akitumiwa nyekundu kesho ataitundika kesho, na keshokutwa, mpaka matofali ya Spika yageuke unga. Wakacheka tena. Kisha mtu akauliza nani kaacha jembe shuleni, na yakawa mazungumzo ya jembe.

Ikawa imekwisha. Bibi Shamba alikuwa ameusikiliza utani ule kutoka mwanzo hadi mwisho wake, na haukuchukua hata hatua kumi za kuteremka. Alisimama pale njiani, watu wakimpita huku na huku. Hatua kumi. Ndicho kitu alichokikimbia.

Mama Madoa alipomfikia alisimama kuhema. Alikuwa na kamba za mbuzi mkono mmoja, na mkono mwingine kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko uliofungwa na mpira. Alimtazama Bibi Shamba kuanzia usoni mpaka kwenye buti, akamnyooshea kopo.

"Shika," alisema. "Usilifungue."

Lilikuwa jepesi, na ndani yake kitu kilichakacha, kama vikombe viwili hivi vya maharage. Mama Madoa akatangulia na mbuzi wake bila kugeuka nyuma. Bibi Shamba akalikumbatia kopo kwa mikono miwili, akaanza kushuka nyuma yake, akiangalia kila mahali anapokanyaga.